Walivyonivua kola kwa brashi: nilipotokea kwenye kava ya gazeti la muziki, Nairobi miaka ya hamsini

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi kawaida ni msomaji tu. Napita, nasoma mnavyobishana, nacheka peke yangu, naenda zangu. Lakini juzi nimekuta uzi wa kijana mmoja akisifia magazeti ya muziki ya zamani. Ati kava zilikuwa kali, rangi zinavutia, nyuso zinakutazama mpaka unasimama. Watu wakajaza comments hapo chini, "enzi zile zilikuwa tamu".

Hiyo kitu imenikaa moyoni. Kwa sababu mmoja wa nyuso hizo nilikuwa mimi.

Nimeshapita miaka themanini. Sitafuti sifa wala huruma. Nitaeleza vile ilikuwa, na sehemu zinazoniaibisha sitazikata. Kiswahili changu ni cha Nairobi, wale wa sanifu mnivumilie.

Tulikuwa tunaishi Kabiria, karibu na Riruta. Sisi ni Wakamba, Baba alikuwa amehamia Nairobi kwa sababu ya kazi. Alikuwa tarishi wa serikali. Siku hizi mtasema messenger. Alivaa kaki iliyopigwa pasi, na kofia, akiendesha baiskeli nyeusi yenye begi la ngozi mbele. Kazi yake ni kupeleka barua na mafaili kutoka ofisi hii hadi ile, kutoka katikati ya mji kupanda mpaka Upper Hill, ambako sasa mnaona maghorofa ya benki. Wakati huo ilikuwa nyumba za Wazungu na miti.

Ilikuwa Hali ya Hatari bado, ile amri ya serikali ya mkoloni. Kutembea mjini ni makaratasi, kusimamishwa, kuulizwa. Lakini Baba na ile kaki yake alipita kila mahali.

Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa letu lilikuwa la watu wakali. Bia hapana, dansi hapana, hata kupaka midomo rangi hapana. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama mbele kusoma matangazo. Watu walimheshimu Mzee Nzioka.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Mimi, Mwikali, nilikuwa nimemaliza shule, namsaidia kazi yake, na nikiimba kwaya.

Sasa nilikuwa na binamu, Mutinda. Alifanya kazi kwenye duka la santuri River Road na alijua gitaa. Akaja siku moja kumwomba Baba turekodi wimbo mmoja, mimi na yeye. Wimbo wenyewe ni wa kubembeleza mtoto. Mtoto analia, dada yake anamwambia nyamaza, mama ameenda mtoni, atarudi. Basi. Baba alitaka kusikia kila neno kwanza. Tukamwimbia pale pale uani. Akasema hauna ubaya.

Tukarekodi. Santuri ikatoka, ikapendwa kidogo. Niliisikia mara ya kwanza ikitoka dirishani kwa watu nisiowajua na nikakimbia kama nimeiba.

Hapo ndipo gazeti likatuita. Lilikuwa gazeti la muziki la Kiswahili, lenye maneno ya nyimbo na habari za waimbaji. Jina lake sitalitaja, lilishakufa zamani. Walitaka picha yangu kwa kava.

Mama alinishonea nguo mpya. Rangi ya maziwa, mikono mirefu, kola imefunga mpaka shingoni na kifungo kimoja. Kichwani kitambaa cheupe. Nikaenda na Mutinda.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani katikati ya mji. Aliyepanga kava alikuwa mchoraji anaitwa Salim, mtu wa Mombasa, mpole, vidole vina wino. Kusema kweli nilimpenda. Alikuwa mtu wa kwanza kunieleza kazi yake kama mtu mzima mwenzake.

Akanipeleka dirishani. Chini barabarani kulikuwa na muuza magazeti. Alikuwa amefunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akabana magazeti kwa vibanio vya nguo, yamepandana.

"Dada, unaona nini pale?"

"Naona magazeti."

"Huoni magazeti. Unaona vipande vya juu tu. Sehemu zilizobaki zimefunikwa. Kwa hivyo jina la gazeti nitaliweka juu kabisa, na macho yako hapo hapo chini ya jina. Mtu akipita na wewe unamtazama, atapunguza mwendo. Ni vigumu kumpita mtu anayekutazama."

Nikamuuliza rangi je.

"Nina nyeusi, na rangi moja zaidi. Mhariri hataki kulipia mbili. Mwezi uliopita nilitumia kijani, watu wakapita tu. Safari hii ni nyekundu. Nyekundu mtu anaiona kabla hajajua ameona nini."

"Na maneno?"

"Maneno yawe swali. Ukimuuliza mtu swali na usimpe jibu, atalipia jibu."

Wakuu, nilicheka. Nikaona ni ujanja mtamu. Haikunijia kwamba kitu cha kuuzwa katika ujanja huo ni mimi.

Nikakaa kwenye kiti kando ya meza tupu. Akaniambia nitazame lenzi kama namsubiri mtu ninayempenda. Nikamfikiria mdogo wangu aliyefariki, maana wimbo ule nilikuwa namwimbia yeye. Akanipiga picha yeye mwenyewe. Tukaenda nyumbani.

Sasa nisomeni vizuri hapa.

Siku kava ilipotoka nilikuwa nimetumwa mjini kumnunulia Mama nyuzi. Nilikuwa navuka barabara. Nikaona mtu ananitazama. Nikageuka.

Nilikuwa mimi, kwenye kamba.

Lakini si mimi. Kitambaa cha kichwa hakipo. Mahali pake wamechora nywele za mawimbi. Midomo myekundu kama jeraha. Kola haipo. Mikono mirefu haipo. Mabega yangu wazi, shingo wazi, wamenishusha nguo mpaka mahali ambapo hata Mama hakuwa ameona tangu nilipokuwa mtoto. Na ile meza tupu sasa ina chupa ya bia na glasi mbili. Nyuma ya gazeti kulikuwa na tangazo la bia, hilo nililijua baadaye.

Na maneno, kwa wekundu ule ule: ANAMNGOJA NANI?

Wanaume walikuwa wamesimama. Salim alisema kweli, walikuwa wamepunguza mwendo. Mmoja alinitazama, akatazama kamba, akanitazama tena.

"Haki ni huyu! Dada, unamngoja nani? Mimi nimeshafika."

Wakacheka wote. Hata muuza magazeti alicheka, lakini yeye aliinamisha uso.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Kabla ya yule mwanaume kuongea, kwa muda mfupi tu, nilitazama ile picha nikajiona mrembo. Nilifurahi. Halafu ndipo aibu ikaja, na ikaja mara mbili, ya picha na ya ile furaha.

Sikununua nyuzi. Nilitembea kwa miguu mpaka Kabiria, nimejifunika leso mpaka puani.

Baba alikuwa ameshaiona. Angekosaje? Kazi yake yote ni barabara zile zile, na kila kona ina kamba. Baadaye Mutinda aliniambia kwamba matarishi wenzake waliibandika pale wanapoegesha baiskeli.

Hakunipiga. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake, kofia bado kichwani, anatazama mlango.

"Baba, sikuvaa hivyo," nikasema. "Wamechora."

Akainua mkono. "Nimeona kwa macho yangu."

Siku hizi kila mtu anajua picha inaweza kuchezewa, hata mtoto wa nursery anajiwekea masikio ya paka kwa simu. Lakini enzi zile picha ilikuwa ushahidi. Picha ilikuwa ndiyo kweli yenyewe. Sikuwa na njia ya kumweleza kwamba mtu anaweza kuvuliwa nguo na brashi.

Nikamgeukia Mama. Yeye ndiye aliyeshona ile nguo, yeye ndiye aliyefunga kile kifungo.

"Ulitoka hapa umeivaa," akasema polepole. "Huko mjini sikuwepo."

Mutinda alikuja kuapa kwamba alikuwepo na hakuna nguo iliyovuliwa. Baba alimwambia atoke. Alimwona kama mshirika.

Jumapili wazee wenzake walimwita kando kabla ya ibada. Niliwaona kupitia dirisha. Hawakuzungumza sana. Alipoingia, matangazo yalisomwa na mtu mwingine. Mimi niliambiwa na mama mmoja wa kwaya, kwa upole kabisa, kwamba nguo yangu ya kwaya wataihitaji kwa msichana mwingine.

Hata leo naona ingekuwa afadhali wangenitukana.

Nyumbani Baba hakuwa akinitazama. Anapokea chai kutoka mkononi mwangu macho yakiwa kwenye kikombe. Lakini nikaanza kuona kitu. Alikuwa anarudi kutoka kazini amechelewa, begi limejaa mpaka halifungi. Na saa yake ya mkononi haikuwepo tena.

Siku moja nilikuwa nafagia chumba chao. Ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda. Gunia. Nikalivuta.

Lilikuwa limejaa magazeti yale: mimi, mimi, mimi. Mabega, midomo, anamngoja nani.

Baba akaingia akanikuta nimepiga magoti. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza na mimi tangu siku ile.

"Nimepita kamba zote," akasema. "River Road, stesheni, sokoni, mpaka kule karibu na hospitali. Leo nimemaliza ya mwisho. Hakuna mtu mwingine atakayekutazama hivyo."

Wakuu, huyu mtu aliamini kwamba nilijivua. Aliamini kabisa. Na bado aliuza saa yake akanunua uso wangu mmoja mmoja kutoka barabarani.

Nililia mpaka Mama akaja. Yeye alichukua gunia, akaanza kung'oa kava moja moja kuwasha jiko. Kurasa za ndani alizibandika ukutani upande unaoingiza baridi. Nilikaa pale nikitazama uso wangu unakunjamana na kuwa mweusi. Tulipikia hiyo chakula, tukakila.

Tukadhani yameisha.

Haikupita wiki mbili. Baba alirudi mchana, saa ambayo hajawahi kuwa nyumbani. Baiskeli aliiacha ikaanguka uani, yeye ambaye alikuwa akiifuta kila jioni. Akatoa gazeti moja kwenye begi akaniwekea mapajani.

Ilikuwa mimi tena. Mpya. Wamenivuta karibu zaidi, uso umejaza ukurasa mzima, midomo imekuwa mikubwa zaidi. Na juu wameandika: LILIKWISHA MJI MZIMA! TUMECHAPA TENA!

"Ni mimi," Baba akasema. "Mimi ndiye nimelimaliza."

Akakaa chini kwenye udongo na kaki yake. Sikuwahi kumwona Baba akikaa chini.

Nafikiri hapo ndipo kitu kilikatika ndani yangu. Nilikuwa nimeogopa watu mpaka nimechoka kuogopa. Nikamwambia, "Baba, twende kwao. Mimi na wewe. Ukiona hapo kwamba nimekudanganya, nitarudi Machakos kwa nyanya na hutaniona tena."

Kesho yake akaomba ruhusa kazini. Tukaenda.

Mhariri alikuwa Mzungu aliyezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kile cha kuamrishia watu shambani. Alipojua sisi ni nani alisimama kwa furaha, akashika mkono wa Baba kwa mikono yake miwili.

"Wewe baba yake? Mzuri sana! Gazeti nakwisha yote! Watu ya kamba nakuja hapa, nasema leta ingine, leta ingine. Hii ndio kazi ya kava, mzee. Hapana ona namna hii tangu naanza."

Baba alikuwa ameshika kofia mkononi. Akasema taratibu, "Aliyeyanunua ni mimi, bwana."

Mhariri hakuelewa. Baba akarudia. "Niliyanunua mimi ili watu wasimwone mtoto wangu."

Mhariri akatazama dirishani, akatazama makaratasi yake. Halafu, nawaapia, akacheka. Si kwa ubaya. Alicheka kama mtu ambaye hajui aweke wapi uso wake. Akasema basi watafanya kava nyingine, safari hii na nguo ya kanisa, itauza vilevile.

Baba alimtazama Salim, aliyekuwa kwenye meza yake pembeni, ameinama.

"Wewe ndiye uliyepiga?"

"Ndiyo, mzee."

"Ile picha yenyewe, kabla ya rangi, iko wapi?"

Salim alifungua droo. Akampa Baba picha kwa mikono miwili, vile mtu anampa mkubwa wake kitu.

Baba aliipeleka dirishani kwenye mwanga.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, kwa hivyo niliona anachoona. Msichana wa kitambaa cheupe. Kola imefunga. Kifungo cha Mama. Meza haina kitu. Na macho yale yale.

Kidole cha Baba kilikuwa kwenye kile kifungo.

"Mkono uliochora ni wangu, mzee," Salim akasema. "Bwana alitaka, lakini mkono ni wangu. Nina mabinti."

Baba akageuka, si kwake, kwangu. Uso wake sijui niueleze vipi. Aibu niliyokuwa nimebeba mimi siku zote zile, niliiona imehamia kwake.

"Uliniambia," akasema. "Uliniambia siku ya kwanza."

Tuliondoka na ile picha. Mhariri aliahidi kusahihisha, na kwa kweli alifanya. Toleo lililofuata waliweka picha halisi ndani, karibu na mwisho, ndogo kama stempu, chini ya tangazo la sabuni, na mstari mmoja kwamba kava iliyopita ilikuwa imepambwa na mchoraji. Hakuna mtu niliyewahi kukutana naye aliyeisoma. Kava ya mwezi huo ilikuwa na msichana mwingine, naye ana chupa mbele yake. Nilimwonea huruma bila kumjua.

Baba alipeleka picha kwa wazee. Waliizungusha mkono kwa mkono. Mmoja akasema sawa, tumeona, lakini alienda kutafuta nini huko? Mwingine akasema watu wa nje hawataona hii, wameshaona ile. Walikubali kwamba hatukuwa na kosa. Ila mimi kwaya, walisema, ningoje kidogo mambo yapoe. Baba wakamwambia arudi kwenye kiti chake cha mbele, matangazo ayasome yeye.

Kanisa letu wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto. Hakuna aliyevuka, hata bwana arusi. Mimi siku hizo nilikuwa nakaa kushoto, nyuma kabisa, benchi peke yangu. Wasichana wenzangu walikuwa na adabu ya kunisalimia lakini si ya kukaa nami.

Jumapili hiyo wimbo wa kufungulia ulikuwa umeanza. Mlango ukafunguka, Baba akaingia na suti yake ya harusi. Kiti chake mbele kilikuwa kitupu kinamngoja. Mzee mmoja akamwashiria.

Baba akageuka kushoto. Akapita katikati ya wanawake wote, benchi kwa benchi, watu wanageuza shingo. Akaja mpaka nyuma. Akakaa karibu nami, bega lake limegusa langu, akafungua kitabu cha nyimbo akakishika katikati yetu.

Mzee wa zamu akaja kunong'ona, "Mzee Nzioka, huku ni kwa akina mama."

"Najua," Baba akasema kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona. "Mimi niko hapa na binti yangu."

Hakurudi mbele tena. Alikaa kwenye benchi lile na mimi kila Jumapili mpaka nilipoolewa, na nilipoolewa akaendelea kukaa hapo na Mama.

Mimi kuimba kwa santuri niliacha. Mutinda aliendelea na wengine, akafanya vizuri. Sikujuta sana. Lakini mpaka leo mjukuu akiinua simu kunipiga picha, mkono wangu unaenda wenyewe shingoni kutafuta kama nimefunga.

Nimejifunza nini? Kwamba kava nzuri si uongo mtupu, na hapo ndipo ubaya wake. Macho yalikuwa yangu kweli. Yule aliyesimama barabarani alisimamishwa na macho ya msichana anayemkumbuka mdogo wake aliyekufa, halafu akauziwa kitu kingine. Wale mnaofanya design humu, najua mpo wengi: kila kitu Salim alichoniambia pale dirishani kilikuwa kweli, na bado kinafanya kazi. Rangi, macho, swali. Tumieni. Lakini kabla hamjachapa, mwonyesheni mwenye uso.

Na wazazi, mtoto akikwambia "sivyo ilivyokuwa", uliza swali moja zaidi.

Nimemaliza wakuu. Kuna mtu humu amewahi kuona sura yake mahali na asijitambue? Ulifanya nini? Na kama kuna mwenye mkusanyiko wa magazeti ya zamani na amekutana na ile kava nyekundu, sikuombi uitupe. Tafuta tu toleo lililofuata, ugeuze hadi karibu na mwisho, chini ya tangazo la sabuni. Mimi niko hapo.